Somo la Ufundi: Kuchagua Lehemu na Vijiti vya Kuchomelea



Apitaye katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro, akifika hapa Mikese, hakosi kuona vibanda vya mafundi vikitoa cheche mchana kutwa. Huyu ameleta baiskeli iliyokatika kwa kubeba magunia ya mkaa. Yule ameleta jembe lililopasuka shingo. Mama mmoja ana sufuria iliyotoboka, na mwenye mashine ya kusaga ana puli iliyovunjika. Wote husema neno moja tu: "Fundi, niunganishie hiki." Naye fundi asiyefundishwa huchukua kijiti kilicho karibu na mkono wake, huwasha moto, hushikamanisha, hupokea fedha yake. Kitu hurudi nyumbani kikionekana kizima. Lakini mvua za kupandia zikianza, jembe lavunjika tena pale pale, au pembeni kidogo ya pale palipoungwa, na siku za kulima zinapita.

Watu husema, "Moto haukutosha," au, "Fundi hana mkono." Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi kosa si moto wala mkono, bali ni kwamba madini yaliyotiwa katika ufa hayapatani na madini ya kitu chenyewe. Nia ya somo hili ni kueleza jambo hilo, ili fundi ajue la kuchagua, na mwenye kitu ajue la kuuliza kabla ya kutoa fedha yake. Neno kubwa la somo lote ni hili: kwanza ujue kitu ulicho nacho mkononi kimefanywa kwa madini gani, ndipo uchague cha kukiungia.

1. NJIA TATU ZA KUUNGA

Kuna njia tatu za kuunga madini kwa moto, nazo zatofautiana kwa ukali wa moto na kwa madini yanayojazwa katikati.

Njia ya kwanza ni lehemu laini. Hapa kitu chenyewe hakiyeyuki wala hakiwi chekundu. Kinachoyeyuka ni lehemu tu, ambayo hupenya katika nafasi nyembamba kama maji yanavyopenya katika kitambaa. Moto wake ni mdogo, chini ya digrii 450 za sentigredi.

Njia ya pili ni lehemu ngumu, ambayo hutumia kijiti cha shaba au cha fedha. Hapa pia kitu chenyewe hakiyeyuki, lakini moto ni mkali kupita digrii 450, na chuma sharti kiwe chekundu ndipo kijiti kiyeyuke na kuenea.

Njia ya tatu ni kuchomelea hasa. Hapa kingo za kitu chenyewe zinayeyuka, na madini ya kijiti yanayeyuka, vyote vikachanganyika katika kidimbwi kimoja, kisha vikaganda pamoja. Kwa kuwa hapa madini mawili yanachanganyika kabisa, ndipo kupatana kwao kunapotakiwa kuliko pengine pote.

Tazameni mfano ulio mbele ya macho yetu. Reli ya zamani, ambayo kazi yake ilifika Morogoro mwaka 1907, iliungwa kipande kwa kipande kwa vibao vya chuma na bolti. Ndiyo sababu ya ule mlio wa magurudumu tunaoujua. Njia za reli za siku hizi huunganishwa kwa kuchomelewa, vipande vikawa kama ufito mmoja mrefu. Njia moja ya kufanya hivyo ilivumbuliwa na Mjerumani, Hans Goldschmidt, nayo ilitumika kuunga reli mjini Essen mwaka 1899. Unga wa aluminiamu huchanganywa na kutu ya chuma, hutiwa moto, na chuma kilichoyeyuka humiminika kati ya ncha mbili za reli. Lakini wahandisi hawamimini chuma cho chote tu. Unga ule hupimwa na kuongezwa madini mengine, hata chuma kitokacho kifanane kwa ugumu na reli yenyewe. Kikiwa laini kuliko reli, magurudumu yatakila na kufanya shimo. Kikiwa kigumu mno, kitapasuka. Ikiwa wakubwa wa kazi hiyo huchagua hivyo kwa uangalifu, basi nasi tunaounga majembe na baiskeli yatupasa kuchagua.

2. KUYATAMBUA MADINI

Fundi hana haja ya maabara. Ana macho, mikono, sumaku, tupa, na jiwe la kunolea linaloendeshwa kwa umeme. Afanye majaribio haya kwa utaratibu.

Kwanza, rangi na uzito. Shaba nyekundu yajulikana kwa wekundu wake, shaba ya manjano kwa umanjano wake. Aluminiamu ni nyeupe na nyepesi sana. Uzito wake ni kama theluthi moja ya uzito wa chuma. Risasi ni nzito, tena laini, hata ukucha huitia alama.

Pili, sumaku. Chuma cha kawaida, chuma kigumu cha majembe, na chuma cha kumimina vyote huvutwa na sumaku. Shaba, aluminiamu, risasi na bati havivutwi. Chuma kisichopata kutu, kile cha masinki na vyombo ving'aavyo, aina yake iliyoenea zaidi haivutwi, au huvutwa kidogo sana.

Tatu, tupa. Chuma cha kawaida hulika kwa tupa pasipo taabu. Makali ya panga na springi ya gari hulika kwa tupa kwa taabu zaidi. Chuma cha kumimina hutoa unga mweusi mweusi, nacho kikivunjika huonyesha punje za rangi ya kijivu.

Nne, cheche. Ukikigusisha chuma cha kawaida katika jiwe linalozunguka, cheche zake ni ndefu, za manjano, na chache ndizo zinazopasuka kama nyota. Chuma kigumu chenye kaboni nyingi hutoa cheche nyingi zinazochanua kama maua. Chuma cha kumimina hutoa cheche fupi, nyekundu. Aluminiamu na shaba hazitoi cheche kabisa; wala haifai kuzisaga katika jiwe la chuma, kwani huliziba.

Majaribio haya manne huchukua dakika chache tu. Mtu asiyeyafanya hubahatisha, na kubahatisha mali ya mwenzio si ufundi.

3. LEHEMU LAINI, NA HATARI YA RISASI

Lehemu iliyotumika tangu zamani ni mchanganyiko wa bati na risasi. Bati peke yake huyeyuka kwa digrii 232, na risasi peke yake kwa digrii 327. Lakini yakichanganywa sehemu 63 za bati na 37 za risasi, huyeyuka kwa digrii 183 tu, yaani chini kuliko yote mawili. Ndiyo sababu mafundi waliipenda. Yafaa kwa nyaya za redio na za taa, kwa vibatari, na kwa makopo ya kumwagilia maua.

Walakini, risasi ni sumu. Huingia mwilini kidogo kidogo, haitoki upesi, nayo huwadhuru hasa watoto wadogo na wale walio matumboni mwa mama zao, kwa kuipunguza akili na kuiharibu damu. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Huko Marekani sheria ya mwaka 1986 ilikataza lehemu ya risasi katika mabomba ya maji ya kunywa. Basi ndoo ya maji, pipa la kukingia maji ya mvua, birika, kikombe, na bomba la maji ya nyumbani havifai kuungwa kwa lehemu yenye risasi hata kidogo. Wala mtu asiyeyushe risasi ya betri kuukuu ya gari ili apate lehemu ya bure. Moshi wake humdhuru yeye na watoto wachezao karibu, na udongo wa uani hubaki na sumu miaka mingi.

Kwa vyombo vya maji, nunueni lehemu isiyo na risasi. Aina moja ni bati sehemu 99.3 na shaba sehemu 0.7 katika mia. Nyingine ni bati na fedha kidogo. Hizo huyeyuka kati ya digrii 220 na 230 hivi, basi chuma cha kulehemia sharti kiwe na moto zaidi kuliko kwa lehemu ya zamani. Bei yake ni kubwa, kweli. Lakini kitakachowekwa katika ndoo ile ni maji ya mtoto. Fundi na mnunuzi wasome maandishi ya kibandiko: herufi Sn maana yake bati, Ag fedha, Cu shaba, na Pb ndiyo risasi. Ukiona Pb, iweke kwa kazi ya nyaya na taa, wala usiitie katika chombo cha chakula.

Tena kuna habari ya dawa ya kusafishia. Lehemu haishiki juu ya uchafu, mafuta au kutu, nayo hewa hufanya kutu nyembamba papo hapo madini yanapopata moto. Dawa huiondoa kutu hiyo na kuizuia isirudi. Kwa mabati hutumika asidi ya chumvi iliyokwisha kulishwa zinki hata ikaacha kutoa mapovu. Baada ya kazi sharti chombo kioshwe sana, la sivyo asidi itaendelea kula. Kwa nyaya za umeme asidi hairuhusiwi kabisa. Hapo hutumika utomvu mkavu wa msonobari, ambao hauli waya.

Sufuria ya aluminiamu je? Lehemu ya risasi haiishiki, kwa kuwa aluminiamu huvaa ngozi ngumu ya kutu nyeupe isiyoonekana. Na hata ikishikwa kwa dawa kali, ni kosa kubwa. Maana mafuta ya kukaangia hufika karibu na digrii 180 au zaidi, na lehemu ile huyeyuka kwa 183. Basi mama atakaanga samaki, na risasi itakaangika pamoja nao. Heri sufuria hiyo ipigwe ribiti ya aluminiamu, au iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu inunuliwe nyingine.

4. LEHEMU NGUMU: SHABA NA FEDHA

Baiskeli ndiyo mwalimu wetu hapa. Baiskeli nyingi za kubebea mizigo, zile nyeusi zenye mtalimbo, hazikuchomelewa kiwandani kwa umeme. Bomba zake zimeingizwa katika vifuko vya chuma penye maungio, kisha shaba ya manjano ikayeyushwa ndani ya nafasi ile nyembamba. Ukiikwangua rangi penye kiungo utaiona shaba hiyo kama uzi wa manjano.

Kiungo cha namna hiyo kikiachia, fundi mwenye haraka hupiga kijiti cha umeme juu yake. Nini hutokea? Shaba iliyomo huyeyuka zamani kabla ya chuma, huchemka, hutoa moshi mweupe wa zinki, na sehemu yake hupenya kati ya punje za chuma chenye moto na kukitenganisha. Kiungo hujaa vishimo na nyufa. Kwa macho kinashikana; kwa gunia la mkaa kitaachia, labda katika mteremko, mbele ya lori. Dawa ya kiungo cha shaba ni shaba ile ile: kisafishe, tia boraksi, kipashe moto wa gesi mpaka kiwe chekundu, kisha gusisha kijiti cha shaba ya manjano. Kijiti hicho ni shaba sehemu 60 na zinki sehemu 40 hivi, nacho huyeyuka karibu na digrii 900. Kikiwa chuma kina moto wa kutosha, shaba itakimbia yenyewe kuingia ndani. Ikikaa juu kama tone la maji juu ya jani la mgomba, jua kwamba kuna uchafu au moto haujatosha.

Kwa mabomba ya shaba nyekundu, kama yale ya majokofu, hutumika vijiti vya shaba vyenye fosforasi. Hivyo vina sifa moja ya ajabu: vikiungisha shaba kwa shaba havihitaji dawa ya kusafishia, kwa kuwa fosforasi yenyewe hufanya kazi hiyo. Lakini mtu asivitumie katika chuma. Fosforasi ikikutana na chuma hufanya tabaka gumu linalovunjika kama gae. Shaba kwa chuma huungwa kwa kijiti cha fedha na dawa yake. Na mnunuapo kijiti cha fedha, tafuteni kisicho na kadimiamu (Cd), maana moshi wa madini hayo ni sumu ya kuua.

5. VIJITI VYA UMEME NA NAMBA ZAKE

Mwanzoni mwa karne ya 20, Oscar Kjellberg wa Uswidi aliona kwamba waya mtupu ukichomwa kwa umeme hufanya kiungo kibovu, kwa sababu hewa huingia katika chuma kinachoyeyuka. Akauvika waya koti la unga. Koti hilo likiungua hutoa moshi wa kukinga hewa, na gamba la kufunika kiungo mpaka kipoe. Hata leo kijiti kina sehemu mbili, waya na koti, na zote mbili huchaguliwa.

Namba zilizoandikwa juu ya kijiti si pambo. Chukua E6013. Tarakimu mbili za kwanza, 60, ni nguvu ya madini ya kujazia, yaani ratili 60,000 kwa kila inchi ya mraba kabla ya kukatika. Tarakimu ya tatu, 1, maana yake kijiti chafaa kwa kuchomea cha namna yo yote: chini, ukutani, hata juu ya kichwa. Ya mwisho ni aina ya koti na ya umeme. Kijiti hiki cha 6013 ni chepesi kukitumia, nacho chafaa kwa chuma cha kawaida: madirisha, milango, vitanda, mageti na matela. Kwa bati nene la milimita 2 hadi 4 hutumika cha unene wa milimita 2.5, kwa chuma kinene zaidi, cha milimita 3.2.

Kijiti cha E7018 kina nguvu ratili 70,000, na koti lake limefanywa lisiwe na maji kabisa. Hicho ndicho cha kazi nzito: chasisi, kulabu za kuvutia matela, na vyuma vyenye kaboni nyingi. Lakini kina sharti moja: sharti kikae pakavu. Koti likinyonya unyevu, umeme huyavunja yale maji na kutoa haidrojeni, nayo huingia katika chuma kingali na moto. Chuma kikipoa, haidrojeni hukipasua kwa ndani, pengine baada ya saa nyingi, hali fundi amekwisha lipwa na mwenye kitu amekwisha kwenda zake. Katika masika yetu, pakiti iliyofunguliwa ikaachwa juu ya meza kibandani ni pakiti iliyoharibika. Ihifadhini katika chombo kinachofungika, na kama imepata unyevu, ikaushwe katika tanuri kwa moto ulioandikwa na kiwanda, au itumike kwa kazi isiyobeba mzigo.

6. MADINI YENYE TABIA ZAO

Jembe, panga na springi. Hivi ni vyuma vyenye kaboni nyingi, ndiyo sababu vina makali. Lakini kaboni hiyo hiyo hufanya mahali palipochomelewa, pakipoa upesi, pawe pagumu na pakavu kama kioo. Ndipo jembe linapovunjika pembeni ya kiungo, si katika kiungo chenyewe. Dawa yake: tumia E7018 iliyo kavu, kipashe kitu moto kwanza, digrii 150 hadi 300 kwa kadiri ya unene na ugumu wake, kisha kiache kipoe polepole ndani ya majivu makavu. Anayemwagia maji kiungo ili mteja asingoje, huyo ameuza kiungo kilichovunjika.

Chuma cha kumimina. Puli za mashine za kusaga, vichwa vya injini na miguu ya cherehani za zamani ni vya chuma hiki, chenye kaboni sehemu 2 hadi 4 katika mia. Hakipindi, hupasuka tu. Kijiti cha kawaida hapa hakifai, kwa maana kiungo kitakuwa kigumu hata tupa isikiingie, na ufa mpya utatokea kando. Tumieni kijiti cha nikeli, au cha nikeli na chuma. Nikeli ni laini, hustahimili kuvutwa wakati wa kupoa. Kwanza toboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee. Kisha chomelea vipande vifupi vifupi vya sentimita 2 au 3, gonga kila kipande kwa nyundo ndogo kingali na moto, ngoja kipoe, ndipo uendelee mahali pengine. Vijiti hivi ni ghali sana kupita vya kawaida, na fundi asione haya kumwambia mteja hivyo. Kama fedha haitoshi, shaba ya manjano kwa moto wa gesi hufanya kiungo kizuri katika chuma hiki, maadamu kitu chenyewe hakikai motoni.

Chuma kisichopata kutu. Kwa aina ya kawaida, iitwayo 304, kijiti chake ni 308L. Kwa aina ya 316, ni 316L. Na kwa kuunga chuma hiki na chuma cha kawaida, ni 309L. Ukitumia kijiti cha kawaida, kiungo kitapata kutu na kupasuka. Hata brashi ya waya iwe ya chuma kile kile. Brashi ya kawaida huacha chembe zake, nazo hushika kutu.

Aluminiamu. Madini yenyewe huyeyuka kwa digrii 660, lakini ngozi yake ya kutu haiyeyuki mpaka kupita digrii 2,000. Basi asiyeiondoa ngozi ataona ndani kumekuwa uji na juu kungali kugumu, kisha ghafula pote panaanguka. Waya mmoja wa kujazia ni 4043, wenye silikoni sehemu 5 katika mia, ufaao kwa vitu vya kumimina na kazi nyingi. Mwingine ni 5356, wenye magnesi sehemu 5, wenye nguvu zaidi. Ikitumika dawa ya unga, ioshwe yote baadaye, maana hula aluminiamu. Na aluminiamu haichomelewi na chuma kwa mashine zetu za kawaida. Vikutanishwe kwa bolti au ribiti. Si kila madini hukubali kuoana.

7. KULINDA UHAI

Fundi akichoma bomba au bati lililopakwa zinki, moshi mweupe hutoka. Akiuvuta, jioni hutetemeka kwa baridi na homa, akadhani ni malaria. Homa hiyo kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili, lakini si ya kuichezea. Aiondoe zinki penye kiungo kwa kuisaga, afanye kazi nje penye upepo, na baada ya kazi apake rangi ya zinki, kwa kuwa mahali pale hapana tena kinga ya kutu.

Pipa au tangi lililokuwa na petroli ni kitu cha kukataa. Hata likiwa tupu, mvuke uliobaki ndani hulipuka kama bomu. Fundi asiye na mafunzo na vyombo vya kazi hiyo asiliguse, hata akiongezwa fedha mara tatu. Kadhalika macho yalindwe kwa kioo cha giza, na watoto wafukuzwe wasitazame mwanga, maana huunguza jicho pasipo maumivu mpaka usiku uingie.

8. MWENYE KITU AULIZE NINI?

Mteja hana haja ya kujua namba zote hizi. Aulize maneno matatu tu, kwa adabu: "Fundi, hiki ni madini gani? Utakiunga kwa nini? Na kitapoaje?" Fundi ajuaye kazi yake atafurahi kuulizwa, atachukua sumaku na tupa aonyeshe. Asiyejua atakasirika. Na kwa chombo cha maji au chakula aongeze la nne: "Lehemu hiyo ina risasi?"

Vijana wanaotaka kujifunza kwa utaratibu, chuo cha VETA kipo Kihonda, Morogoro, si mbali na kwetu. Hata hivyo, fundi aliye kazini tayari aweza kuanza leo kwa jambo dogo: aweke vijiti vyake katika makopo mbalimbali, kila kopo na jina lake, badala ya kuvichanganya vyote katika boksi moja. Akichukua kijiti atalazimika kusoma, na akisoma atalazimika kufikiri.

Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Jembe linalodumu msimu mzima halikudumu kwa bahati, kuna mtu aliyelitazama kwanza, akalipiga tupa, akachagua.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini lehemu ya bati na risasi haifai kwa ndoo ya maji ya kunywa?
2. Baiskeli imeachia penye kiungo cha shaba. Utaiunga kwa nini, na kwa nini usitumie kijiti cha umeme?
3. Namba 70 katika E7018 yaonyesha nini, na kijiti hicho kihifadhiwe namna gani wakati wa masika?
4. Jembe lililochomelewa limevunjika pembeni ya kiungo. Taja sababu na dawa yake.
5. Utatofautishaje chuma cha kumimina na chuma cha kawaida kwa tupa na kwa cheche?

Asomaye somo hili na asiyejua kusoma wakae pamoja, mmoja asome na mwingine ajibu. Wasalaam.

Karani, Mikese